Tupeane uzoefu: kuaga shule prefe, walimu na finalisti wanapoondoka pamoja (Lubumbashi)

Mwanzisha mada, Kampemba

Jambo yenu wote. Proklamasio (siku ya kutangaza alama za mwisho wa mwaka) inakaribia, na kwenye shule yetu mambo yameangukia siku moja: prefe (mkuu wa sekondari) amepata mutasio (uhamisho), walimu wawili wanaenda pensheni, finalisti (wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari) wanatoka, na madarasa ya primeri yanahamia parseli (kiwanja) nyingine chini ya direkta (mkuu wa primeri) wao. Komite ya wazazi imeniachia kazi ya kupanga namna ya kuagana. Wenye uzoefu waweke hapa hatua, hesabu, na mahali mambo yanapoharibikia. Habari za "siku ile tulilia sana" tuziache kando, machozi hayahitaji kupangwa.

Sekreteri wa shule, Kamalondo

Anza na makaratasi, ndugu, ngoma baadaye. Prefe anaondoka kwa remizi-reprizi (makabidhiano ya ofisi), hotuba ni nyongeza tu. Mezani wanakaa watu watatu: anayetoka, anayeingia, na mjumbe wa ofisi inayosimamia shule. PV (karatasi ya makabidhiano) itoke nakala 4, na kila ukurasa usainiwe, si wa mwisho peke yake. Kila mmoja wa wale watatu anachukua yake, ya nne inabaki kwenye arshivu ya shule. Ile ya nne ndiyo inayosahauliwa, halafu atakayekuja baada ya huyu anayeingia hatakuwa na cha kusoma.

Vya kukabidhi: funguo zote, kila mmoja ukiwa umefungiwa kikaratasi chenye jina la mlango, kitabu cha kasa (pesa za shule), kimepigwa mstari chini ya mwandiko wa mwisho ili pasiongezwe kitu, pamoja na risiti zake, rejista ya matrikile (uandikishaji wa wanafunzi), listi za malipo ya walimu, palmaresi (orodha za matokeo ya wanafunzi) za miaka yote, na inventeri (orodha ya hesabu) ya vitu.

Inventeri hainakiliwi toka karatasi ya mwaka jana. Watu wawili wanaingia darasa kwa darasa, mmoja anahesabu kwa sauti, mwingine anaandika. Benchi iliyovunjika inaandikwa "imevunjika", haifutwi kwenye hesabu. Shule ya madarasa 12 inakula asubuhi nzima, kwa hiyo ifanyike siku mbili tatu kabla, watoto wakiwa hawapo.

Kashe (muhuri) ibadili mkono palepale wino wa saini unapokauka. Ikilala hata usiku mmoja kwa anayetoka, karatasi yoyote itakayoonekana baadaye na tarehe ya usiku ule italeta maneno, hata kama mwenyewe hakuigusa. Na jambo ambalo wengi hawalifanyi: pigeni ile kashe mara moja pembeni mwa PV. Kila kashe iliyotumika ina alama zake, herufi iliyolika, ukingo uliokatika kidogo. Ikija kutokea buletini (karatasi ya alama za mwanafunzi) ya kutilia shaka, mnaweka karatasi mbili pamoja na kulinganisha.

Palmaresi ndiyo ya kwanza kuhesabiwa. Mtu aliyemaliza mwaka 1988 akija kutafuta atestasio (cheti cha shule), hakuna mwalimu anayemkumbuka. Kinachomkumbuka ni palmaresi. Bahati mbaya mchwa nao wanaipenda. Kila mwaka unaokosekana utajwe kwenye PV kwa tarakimu zake, "palmaresi ya mwaka fulani haipo", ili anayeingia asije akadaiwa kitu ambacho hakukikuta.

Mwanzisha mada

Aksanti sana, ndugu sekreteri. Na shule ikiwa na deni?

Sekreteri wa shule, Kamalondo

Deni nalo linaandikwa kama benchi. Jina la anayedai, kiasi, tarehe, na lilitokana na nini. La dola liandikwe kwa dola, la falanga kwa falanga. Ukiligeuza kwa kiwango cha siku ile, mwezi unaofuata hesabu haikubali tena na watu wanaanza kuangaliana vibaya.

Mama wa komite ya wazazi, Katuba

Mimi niongee juu ya zawadi, maana hapo ndipo wazazi wanagombana.

Mchango usipitie mkononi mwa mwalimu darasani, na usifungamanishwe na buletini hata kidogo. Primeri ya serikali ni bure tangu mwaka wa shule wa 2019; ukisimamisha mtoto mlangoni kwa sababu ya zawadi ya direkta, umerudisha kwa dirishani kile kilichotolewa mlangoni. Kila darasa lichague mzazi mmoja. Awe na daftari la safu tatu: jina, kiasi, saini ya aliyetoa. Kukusanya kufungwe siku 7 kabla ya sherehe. Anayeleta baadaye anashukuriwa na anarudishiwa, la sivyo mtakuwa mnanunua vitu hadi asubuhi ya siku yenyewe, na kwa bei ya mtu mwenye haraka.

Mwalimu wa kike mpatieni kitenge yadi 6: yadi 2 za libaya (blauzi), yadi 4 za vikwembe viwili (vya kujifunga). Mkipunguza hadi yadi 4 ili kubana pesa, fundi atamshonea lakini kikwembe cha juu hakitakuwepo, na mama wa heshima hatavaa hiyo nguo kanisani. Kitambaa mkifungue dukani kabla ya kulipa, mkiangalie kwenye mwanga urefu wote. Vingine vina mstari wa rangi iliyoruka katikati. Kwa baba anayehama mji, toeni kitu kinachoingia kwenye valizi (sanduku la safari). Saa ya ukutani anazo nne tayari.

Bahasha ihesabiwe na watu wawili, karatasi ya kiasi iwekwe ndani, na kiasi hicho kisitajwe kwenye mikro. Walimu wawili wa pensheni wapewe zawadi sawa, hata kama mmoja amefundisha miaka 30 na mwingine 12. Tofauti yao iwekwe kwenye maneno ya hotuba, huko haina gharama.

Na msentineli (mlinzi), na mama anayefagia, wahesabiwe tangu mwanzo. Kuwakumbuka mezani wakati sahani zimekwisha ni kuwaonyesha kwamba hamkuwakumbuka.

Mwalimu wa darasa la 8, komine Kenya hapa Lubumbashi

Mwanzisha mada, hao watoto wa primeri ndio wa kuangalia zaidi. Wao wanaona wamehama ukuta tu, kumbe kama shule mpya imepata direkta na rejista yake, kila mtoto amehama shule kwa karatasi. Atahitaji buletini ya mwaka, ile ya asili, yenye saini na kashe, pamoja na atestasio ya kuhudhuria. Ziandaliwe kwa darasa zima kwa mara moja wakati ofisi ya zamani ingali na watu wanaomjua mtoto. Mkiacha kila mzazi aje kwa siku yake, mtakuwa mkizitafuta hadi mwezi wa kumi.

Kabla ya kuandika, pitieni majina. Huku kwetu mtoto ana jina, postinomo (jina la pili) na prenomo (kama Maria), na watu wanayageuza ovyo: Ilunga Kasongo mwaka huu, Kasongo Ilunga mwaka kesho. Au Kyungu kwenye buletini moja na Kiungu kwenye nyingine. Kwa macho ni kitu kidogo. Siku ya kumwandikisha kwenye mtihani wa taifa, wa kumaliza primeri, wa darasa la 8, au Egzeta (mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari), zile karatasi mbili zinakuwa za watoto wawili. Njia rahisi: bandikeni listi ukutani wiki moja, wazazi waje na cheti cha kuzaliwa, wasahihishe kwa kalamu nyekundu, ndipo sekreteri aandike. Kusahihisha kabla ya kashe ni dakika moja, baada ya kashe ni safari za ofisi.

Wa sono (vyombo vya sauti), Bel-Air

Mafupi tu. Mwezi wa saba hapa hakuna mvua, kwa hiyo hema ni ya jua, na jua la msimu huu liko upande wa kaskazini. Funga turubai upande huo, wageni wakae wakiupa mgongo. Wengi wanafunga upande wa nyuma ya meza ya wakubwa kwa ajili ya uzuri, halafu saa sita wazazi wote wamejifunika vichwa na buletini. Asubuhi ni baridi, msiite watoto saa moja wakiwa na shati peke yake.

Vumbi na upepo: mikro ivalishwe sifongo, ikikosekana soksi safi ya mtoto inafanya kazi. Nyunyizieni uwanja maji jioni ya kabla, si asubuhi, asubuhi inakuwa matope chini ya viatu vya mama. Grupu (jenereta) ndogo inabeba ampli na spika mbili, haibebi friji ya vinywaji pamoja nazo. Mkiunganisha friji, kila inapoanza kunguruma sauti inakatika, na itakatika palepale mzee anapotaja jina la marehemu. Grupu iwekwe nyuma ya ukuta, mbali, moshi ukienda na upepo.

Hotuba nne, dakika tano kila moja: mwanafunzi, mwalimu, mzazi, anayetoka. Anayetoka awe wa mwisho. Anayeingia asalimie tu.

Mama muuza munkoyo, Ruashi

Vinywaji vya dukani vitamaliza bajeti yenu, mwanangu. Tengenezeni munkoyo, kinywaji cha uji wa mahindi na mizizi. Kwa bidoo (dumu) ya lita 20, unga wa mahindi kilo 2 hivi. Pika uji, uive kabisa, usibaki na ladha ya unga. Uache upoe hadi uweze kutia kidole na kukiacha humo ukihesabu polepole hadi tatu, uungue kidogo bila kukimbia. Hapo ndipo unaingiza mizizi ya munkoyo iliyopondwa ikawa nyuzi. Fungu mbili zinatosha. Koroga, utaona mwenyewe: uji uliokuwa mzito unaanza kulegea, mwiko unapita kama kwenye maji, na utamu unatokea ingawa hujatia sukari. Ukitia mizizi uji ukiwa unachemka, umeiua, na uji utabaki mzito hadi kesho. Ukitia umeshapoa, utangoja sana.

Toa mizizi, funika kwa kitambaa, acha usiku mmoja. Kesho yake una uchachu mdogo, huo ndio wa watoto na wageni. Siku ya tatu umeshageuka pombe, usiupeleke shuleni. Kwa hiyo kama sherehe ni Jumamosi, pika Ijumaa mchana. Na bidoo isiwe iliyowahi kubeba petroli, hata iwe imeoshwa mara kumi.

Konseye (mshauri) wa wanafunzi, Kamalondo

Finalisti hawaagwi mara moja, wanaagwa mara mbili. Siku ya proklamasio wanapata alama za shule. Matokeo ya Egzeta yanakuja baadaye, na huo ndio wakati wa kumwagiana unga barabarani. Siku ya kwanza ndiyo pekee ambapo wote wako pamoja, basi pitisheni karatasi ya namba za simu: yake, na ya mtu wa nyumbani asiyebadilisha namba. Shule itawatafuta wakati diploma zitakapofika, na zinaweza kukawia.

Unga uwe unga au talki. Kuna wanaochukua chokaa ya kupaka ukuta kwa sababu ni bei ndogo. Chokaa inaunguza macho, hasa yakiwa na maji.

Mzee wa koordinasio (ofisi inayosimamia shule za kanisa), mstaafu

Wanangu, kabla ya kugawa benchi kati ya primeri na sekondari, ulizeni shule ni ya nani. Mwaka 1974 serikali ilichukua shule za makanisa, na tarehe 26/2/1977 ikasaini konvansio (mkataba) na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangisti kuwarudishia usimamizi. Tangu hapo, kwenye shule ya konvansio, mwalimu analipwa na serikali, majengo mara nyingi ni ya kanisa, na vitu vingi vya ndani vimenunuliwa na wazazi. Inventeri ya kugawana iwe na safu tatu kwa sababu hiyo. Benchi za wazazi, komite inaweza kuamua ziende wapi. Za kanisa na za serikali, direkta hawezi kuzipakia kwenye lori bila karatasi, hata kama ni watoto wake waliozikalia miaka yote. Hapo nimeona... basi, tumesema hakuna hadithi.

Mwanzisha mada

Heshima kwako, mzee. Na siku zipangwe vipi? Wengine kwenye komite wanataka remizi-reprizi ifanyike Jumatatu baada ya sherehe, watu wakiwa wametulia.

Sekreteri wa shule, Kamalondo

Hapana. Jumatatu anayetoka ameshafunga valizi na simu yake haipatikani. Inventeri Jumanne na Jumatano, PV na kashe Alhamisi, Ijumaa munkoyo, Jumamosi proklamasio na kuagana. Buletini zisainiwe na prefe anayetoka kabla ya Alhamisi, zote, hata za watoto ambao wazazi hawajaonekana. Akishakabidhi, saini yake haina kazi tena.

Mwanzisha mada

Swali la mwisho, msinicheke. Kengele yetu ni janti (rimu ya gurudumu) imetundikwa kwenye mwembe. Primeri wanasema ni yao, sekondari wanasema ni yao.

Sekreteri wa shule, Kamalondo

Iko kwenye inventeri?

Mwanzisha mada

Haimo.

Mzee wa koordinasio, mstaafu

Basi iandikwe leo, pamoja na mahali ilipo, na ibaki hapo hapo. Primeri watafute janti ya lori, inasikika mbali kuliko ya gari ndogo. Waitundike kwenye tawi, isiguse shina, kwa mnyororo au waya mnene. Kamba ya nailoni inalika na jua, itaangukia mtoto.