Naomba ushauri: msonobari wa pambo unakauka matawi ya chini

Salaam wenzangu. Nina msonobari wa Norfolk, ule wenye matawi yaliyopangana ngazi kwa ngazi. Uko kwenye chungu barazani, huku Bamburi, na umeshanifika kifuani. Matawi ya chini yanageuka kahawia kuanzia nchani, yanakauka, na yakishadondoka hayachipui tena. Juu bado kijani kibichi.

Namwagilia maji ya kisima, na maji yetu ya pwani mwayajua: chumvi tupu. Jirani asema mti huu asili yake ni kisiwa cha Norfolk, Bahari ya Pasifiki, umezoea upepo wa bahari, kwa hivyo chumvi si neno. Mimi naona upepo wa chumvi ni jambo moja, na chumvi inayojikusanya ndani ya chungu ni jingine. Au tatizo ni udongo? Kule kitaluni walikijaza chungu mchanga wa matumbawe, ambao una chokaa, ilhali mti wenyewe hupenda udongo wenye tindikali kidogo.

Nimeambiwa niuhamishie uani. Hapo naogopa, maana ardhini huweza kupita mita 30 na ukuta uko karibu. Kuukata kilele sitaki, utapoteza umbo lake. (Mvinje ningeukata bila wasiwasi.)

Mliowahi kuukuza hapa Mombasa, udongo mwauchanganya vipi? Samadi ya mbuzi iliyooza yafaa, au itauunguza? Na nikikinga maji ya masika pipani, yataweza kuisafisha hiyo chumvi, au nibadilishe udongo wote?