Naomba ushauri: Rosa Mistika ametugawa huku Mbeya

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Tuna kikundi cha wasomaji hapa Uyole, tunakutana Jumamosi kwenye saluni ya dada mmoja, na sasa tumeshika riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971). Moto umewaka.

Kina dada wengi wanasema Rosa, yule binti mhusika mkuu anayeishia kutembea na wanaume wengi, hakuwa mhuni, alikuwa tu hajui thamani yake. Kila mara wanarudi kwa Zakaria, baba yake, aliyempiga vibaya kisa barua ya mvulana. Binti aliyekua akijua kupendwa ni kosa, atamkatalia vipi mwanamume wa kwanza kumsifia? Upande wa pili kuna vijana wawili na mama mmoja wa makamo (huyo ndiye mkali kuliko wote, anafuma sweta huku anatunyooshea sindano). Wanasema tunamdekeza, alikuwa mtu mzima na akili zake.

Mimi naegemea kwa kina dada, ila sijaridhika. Charles, mchumba wake, anapomkataa kwa sababu si bikira, Rosa anaikubali hukumu ile kana kwamba ni halali. Hapo ni kujidharau, au mwandishi anaisuta jamii?

Kinachonikosesha usingizi: Jumamosi ijayo wanakuja mabinti wa kidato cha tatu, na Rosa mwishoni anajiua. Niliongoze vipi hilo bila kuwatisha wala kulipita juu juu? Walimu wa fasihi, na yeyote aliyewahi kusimamia mjadala wa namna hii na mabinti, naombeni uzoefu wenu. Wa kejeli wapite kimya.