Mjadala: Watengenezaji wa zumari za Uskoti waachane na mpingo?

Mleta mada: Wakuu, salaam. Zumari za mfuko za Waskoti hukerezwa kwa mpingo, na mpingo huo hutoka hasa Tanzania na Msumbiji. Mti huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Mbadala upo: plastiki ngumu ya asetali, haipasuki wala hainywi maji. Hoja yangu ni kwamba zumari zote mpya zikerezwe kwa plastiki. Wanaotetea mpingo kwa jina la mila wakumbuke kuwa ulishika soko la Uskoti mwishoni mwa karne ya 19 tu. Kabla yake walitumia miti ya kwao, kisha kokasi ya Karibi. Mila yenyewe imeshabadilisha mbao.

Mpiga zumari wa bendi: Mkuu, kwanza tutenganishe sehemu za ala. Kuna bomba la nyimbo, lenye matundu ya vidole na noti tisa, na kuna mabomba matatu ya mvumo, yanayotoa noti moja mfululizo chini ya wimbo: mawili ya sauti ya kati na moja la besi. Kwenye bomba la nyimbo bendi nyingi zimeshahamia plastiki bila malalamiko. Watu kumi na tano wakisimama uwanjani wanahitaji mabomba yanayofanana hadi nukta, yasiyobadilika mvua ikinyesha. Kwenye mvumo ni habari nyingine. Pumzi ina mvuke. Mbao hunyonya kiasi kidogo. Kwenye plastiki mvuke huganda kuwa matone yanayoteremka hadi kwenye ulimi wa tete, kile kijiti kinachotetemeka na kutoa sauti. Tone moja likikaa pale ulimi hufunga, na bomba hunyamaza katikati ya wimbo. Anayepiga plastiki tupu aweke mtego wa maji chini ya bomba la kupulizia na apanguse ndani kila baada ya kupiga.

Mkerezaji: Niongeze upande wa karakana. Watu hudhani asetali ni rahisi kwa sababu haina nyuzi wala vipingili. Inakatika vizuri, kweli, lakini joto la keekee huitanua. Ukitoboa haraka ukapima ikiwa ya moto, kipimo kitakuwa sawa. Ikipoa tundu limepungua na sauti imehama. Toboa kwa hatua, acha ipoe, ndipo umalize. Gundi pia haishiki juu yake, kwa hiyo pete za mapambo lazima zifungwe kwa hesi.

Mpingo una adabu yake. Kipande hutobolewa tundu dogo la awali, ncha hupakwa nta ili zisikauke kabla ya katikati, kisha huachwa miaka kadhaa. Aliyekosa subira huuza zumari itakayopasuka, kwa sababu ndani inalowa kwa pumzi huku nje ikiwa kavu. Ndiyo maana bomba la kupulizia hutiwa bitana ya plastiki, na zumari mpya hupigwa dakika 15 hadi 20 tu kwa siku katika wiki za mwanzo.

Kuhusu sauti, mwanafizikia Mmarekani John Coltman alilinganisha mwaka 1971 filimbi za umbo moja zilizotengenezwa kwa fedha, shaba na mbao, na wasikilizaji hawakuweza kuzitofautisha. Ninachoamini ni kwamba kinachoamua sauti ni umbo na ulaini wa tundu. Mpingo unapendwa kwa kuwa mzito na wenye mafuta, hivyo hushika kipimo hicho kwa miongo.

Mdau wa misitu, Kilwa: Mleta mada, hapo ndipo napingana nawe kabisa. Ukiufanya mpingo usiwe na bei, hautabaki porini. Utakatwa uwe mkaa au shamba la ufuta. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kumiliki msitu wake na kubaki na mrabaha. Mwaka 2009 misitu ya vijiji hapa Kilwa ilipata cheti cha FSC, cha kimataifa cha misitu inayovunwa kwa uangalifu, na mnunuzi anayelipa bei ya cheti ni mtengenezaji wa ala za muziki.

Tatizo kubwa ni upotevu. Shina limepinda, lina nyufa, na mbao nyeupe ya nje haifai kwa ala. Kinachobaki kuwa vipande vya zumari kwa kawaida hakifiki robo ya gogo.

Mleta mada: Hoja ya mrabaha naikubali. Lakini cheti kinahusu vijiji vichache. Gogo lililokatwa usiku likishafika kwenye kontena, fundi wa Glasgow atalitambuaje?

Mdau wa misitu, Kilwa: Kwa macho hawezi, atabanwa na karatasi. Tangu Januari 2017 karibu jenasi nzima ya Dalbergia, ambamo mpingo umo, iko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Mwaka 2019 ala zilizokamilika zilisamehewa, ila magogo na vipande bado vinahitaji kibali. Adai cheti chenye jina la msitu, na asinunue kwa dalali asiyeweza kulitaja.

Mkerezaji: Nasi tupunguze ubaguzi. Wanunuzi wanataka weusi mtupu, hivyo kipande chenye mistari ya kahawia hutupwa hata kama ni kigumu vilevile. Bomba la nyimbo liwe plastiki, mvumo uwe mpingo wenye cheti, na mistari ya kahawia ikubalike.