Naomba ushauri: kichanja cha mbao cha mimea inayotambaa

Habari zenu wakuu. Nataka kutengeneza kichanja cha mbao mbele ya ukuta wa bustani, kimo mita 2, upana mita 3, nipandishe asumini upande mmoja na pasheni upande wa pili.

Kinachoniumiza kichwa ni nguzo. Nimepanga kuzifukia sentimita 60, ila mbao huanza kuoza pale pale udongo unapokutana na hewa, na mchwa nao hawana dogo. Fundi mmoja anasema nipake oili chafu. Mimi siitaki karibu na mizizi, hasa ya mmea ambao matunda yake yataliwa. Je, nimwage zege kuzunguka nguzo, au zege litatunza maji na kuozesha mbao haraka zaidi? Au nizifunge kwenye vyuma vinavyotokeza juu ya ardhi, mbao zisiguse udongo kabisa?

Pili, pasheni hujishika kwa vikono vyembamba, kwa hiyo sidhani kama vitaweza kuzunguka mbao nene. Nafikiria fremu ya mbao, katikati nivute waya kila sentimita 20. Asumini yenyewe hujisokota, haina shida sana.

Kuhusu nafasi kati ya kichanja na ukuta, sentimita 10 zinatosha hewa kupita?

Nitatumia skrubu, misumari sitaki, maana pasheni ikikomaa ni mzigo. Waliowahi kujenga, nguzo zenu mlizisimamishaje?