Mawakala wa matembezi ya meli, lini mtatazama maji kabla ya kumuuzia mgeni kuogelea Paje?

Waungwana, asalaam aleykum, na wengine wote habari zenu. Msimu mzima wa kaskazi nimemeza, leo natapika. Mie ni dereva na mtembeza wageni hapa Unguja. Meli ya kitalii ikifunga bandari ya Malindi, hapa mjini, napata kazi ya siku moja kwa wakala huyu au yule. Uzi huu sikuufungua kwa ajili ya wageni, maana wao wamelipa pesa zao na hawana kosa. Nawasema wanaokaa ofisini, wengine hata kisiwani hawapo, wakaandika ratiba kisha asubuhi getini tukakabidhiwa karatasi na kuambiwa, "Wageni wameshalipia, hakikisha wanaona vyote."

Ratiba niliyopewa meli iliyopita hii hapa. Mji Mkongwe na soko la Darajani. Boti mpaka kisiwa cha Changuu kuona makobe. Mashamba ya viungo Kizimbani. Kima punju msitu wa Jozani. Kutembea pwani na kuogelea Paje. Chakula cha mchana Pingwe, kwenye ule mkahawa uliojengwa juu ya mwamba. Kurudi bandarini saa 10 alasiri.

Haya, tuhesabu. Meli imefunga saa 2 asubuhi. Mpaka uhamiaji wamalize yao, watu washuke ngazi, bwana mmoja akumbuke kofia arudi chumbani kuifuata na mkewe amsubiri, mie naondoa kosta saa 3 na robo, tena hiyo ndiyo siku njema. Saa 10 wawe wamesharudi getini. Nina saa 6 na dakika 45 mkononi. Changuu peke yake, kwenda, kuzunguka na kurudi, ni saa 2. Mjini hadi Jozani dakika 50, na msituni ukimfuata mtembezaji wa hifadhi ni saa nzima. Jozani hadi Paje dakika 25. Pwani mpe mgeni saa moja tu, ingawa ni uonevu. Paje hadi Pingwe nusu saa. Chakula, kwa vile jikoni hawapiki kwa amri yangu, saa moja na robo. Kutoka Pingwe mpaka mjini saa moja na nusu ukijumlisha foleni na askari wa barabarani. Hizo zimeshakuwa saa 8 na nusu, na sijaingia Darajani wala sijanusa karafuu ya Kizimbani, ambako ni upande mwengine kabisa wa kisiwa.

Basi hilo la muda tumelizoea. Tunakata hapa, tunakata pale, mgeni anaona nusu na anashukuru. Kilichonichoma ni maji.

Siku ile ilikuwa mwezi 16, yaani siku ya 16 tangu mwezi kuandama, na bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kupwa, limeshika khasa. Wakala kaandika: kuogelea Paje, saa 4 na nusu asubuhi. Nilimpigia simu tangu getini. Nikamwambia, "Kaka, saa hizo maji yamekupwa, watu hawataona bahari. Niruhusu niwapeleke Nungwi, au tuanze mjini." Akanijibu, "Fuata ratiba." Nikafuata ratiba.

Tukafika. Bibi mmoja wa makamo alikuwa na miwani ya kuzamia ameshaivaa kipajini, viatu vya bata mkononi, taulo begani. Akapita kwenye minazi, akasimama mchangani, akatazama. Mbele yake mchanga mweupe, vidimbwi vya maji ya vifundoni, safu kwa safu za vijiti vya mwani, na akina mama wameinama wanafunga mbegu kwenye kamba. Bahari yenyewe ilikuwa mstari mweupe kule mwambani, zaidi ya kilomita moja. Akanigeukia, kwa adabu tu, akaniuliza bahari iko wapi. Mama mmoja wa mwani aliyekuwa anapita na gunia lake akasikia tunavyobabaika, akacheka mpaka akalitua: "Mwambie arudi alasiri, itakuwepo."

Alasiri gani, na saa 10 awe melini?

Jioni wageni wakalalamika kwenye dawati la meli. Dawati likamwandikia wakala. Wakala akanikata pesa yangu. Sababu iliyoandikwa: dereva hakuwafikisha wageni kwenye pwani ya kuogelea. Wallahi niliisoma ile meseji nikacheka kwanza, hasira zikaja baadaye.

Kwa ndugu zetu wa bara mliomo humu, na kwa wakala kama anasoma, nieleze kidogo. Pwani ya mashariki, Kiwengwa, Pwani Mchangani, Paje, Jambiani, ni kina kifupi mpaka ufike mwambani, na mwamba uko mbali. Wakati wa bamvua maji hapa Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4. Kwenye pwani iliyolala vile, mita 4 za kushuka ni bahari yote kuondoka. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, likashika nguvu siku moja mbili baadaye. Siku hizo maji hujaa kwenye saa 10, alfajiri na alasiri, na hukupwa kwenye saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50. Ikifika mwezi 7 au 8, na tena 22 au 23, mambo yamegeuka: asubuhi ya saa 4 ndiyo maji yamejaa. Ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana, lakini mgeni anaogelea na anarudi na chumvi mwilini.

Huo si utaalamu. Mtoto wa Jambiani wa darasa la nne anaujua. Akina mama wa mwani wanapanga shughuli zao kwa huo, kwa sababu bamvua ndiyo siku za kazi yao. Wavuvi ukiwauliza maji yatajaa lini hawatazami saa, wanakuuliza leo mwezi ngapi.

Na hapa ndipo ninapokasirika zaidi. Meli hizi hazitokei ghafla. Tarehe ya kufunga Malindi inajulikana mwaka mzima kabla, mgeni ameinunua safari yake akiwa kwao anavaa koti la baridi. Na maji nayo yanajulikana mwaka mzima kabla. Jedwali la kujaa na kupwa lipo bandarini, lipo kwenye simu, bure. Yaani makaratasi mawili, yote yapo, yote yana tarehe, na hakuna mtu hata mmoja pale ofisini aliyeyaweka pamoja juu ya meza. Wamechukua ratiba ya meli ya miaka ya nyuma wakabadilisha tarehe. Najua hivyo kwa sababu karatasi hiyo hiyo bado imeandika "kuingia ndani Beit el-Ajaib". Jumba hilo upande mmoja uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020! Siku ile tulipopita mabati yalikuwa yamelizunguka, mgeni ananionesha karatasi, mie namuonesha mabati.

Halafu kinachoudhi ni kwamba bamvua si siku mbaya kwa mgeni. Ni siku nzuri mno, ila uza kitu chake. Asubuhi ya bamvua Paje au Jambiani ni pwani ya kutembea, si ya kuogelea. Unamtoa mgeni na viatu vyake miguuni, kwa sababu wale viumbe weusi wa miiba majini hawana huruma na nyayo laini, unamtembeza taratibu kwenye vidimbwi, anaona viti vya pweza (wale samaki wa umbo la nyota), anaona kaa, anaona mwani unavyofungwa. Unamwambia apite pembeni asikanyage kamba, maana kila kamba ina mwenyewe. Ukibahatika mnakutana na wanaotoka mwambani na vijiti vyao, pweza wananing'inia. Na unaondoka naye mapema kabla maji hayajageuka. Maji ya bamvua hayarudi kutoka mbele tu. Yanapita kwenye mikondo, yanakuzunguka nyuma wakati wewe bado unapiga picha. Mgeni asiye na mwenyeji hajui hilo, na ratiba haina hata mstari mmoja wa kumtahadharisha.

Asubuhi hiyo hiyo fungu la mchanga la Nakupenda liko wazi, jeupe, boti kutoka mjini si mbali. Alasiri ya bamvua fungu limefunikwa. Kwa hiyo kama meli imekuja mwezi 15, Changuu na Nakupenda iwe asubuhi, mnarudi mchana, mnamalizia mjini kwa miguu: Darajani, Mkunazini kwenye kanisa lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873, Ngome Kongwe, kisha meli yao ile pale wanaiona. Hakuna kukimbia. Na akitaka kuogelea lazima, Nungwi na Kendwa huko kaskazini maji hayaendi mbali, saa yoyote anaingia. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi, kwa hiyo siku hiyo asahau Jozani. Kimoja au viwili, basi. Mtu mwenye saa 6 kisiwani si wa kupewa vituo sita.

Nyie mnaouza mnasema mgeni anataka orodha ndefu, orodha fupi hainunuliki. Sawa. Lakini nani anasimama mbele yake pale bahari haipo? Si nyie.

Na jengine dogo nilitoe likae nje. Andikeni kwenye hizo karatasi kwamba baada ya pwani wanapita mjini, na mjini watu wanaishi, wabebe kanga au shati la kujisitiri. Ijumaa moja nimeshuka Darajani na watu wa nguo za kuogea, adhana inalia, maduka yanafungwa, wazee wanaelekea msikitini. Hakuna aliyewatukana. Wazee wameinamisha macho wakapita. Mie ndiye niliyetaka ardhi ipasuke. Wageni wenyewe walipogundua waliona haya kuliko mie, mmoja akajifunga taulo. Mtu angewaambia asubuhi wangefanya.

Ninachotaka ni kidogo. Ratiba ya kila meli iandikwe upya kwa tarehe yake, na jedwali la maji pembeni. Dereva akipiga simu kusema maji yamekupwa asikilizwe. Na malalamiko ya mgeni yakija, kabla hamjakata pesa ya mtu, tazameni mwezi ulikuwa wa ngapi. Pesa yangu ile naidai, na nimeshamwambia.

---

NYONGEZA, usiku. Majibu nimeyasoma yote.

Anayesema mie papasi, mtembezaji asiye na kibali, natafuta wateja kwa mlango wa nyuma: kitambulisho changu cha kutembeza wageni kipo, na hapa sijaweka namba ya simu. Tafuta jengine.

Aliyesema madereva nasi tukatae kazi zenye ratiba mbovu: kataa wewe, mwezi wa tano masika ikija bandari iko tupu, utanilipia ada ya watoto.

Mkuu uliyesema wageni hawajali bahari, wanataka picha tu: yule bibi picha alipiga, ya mchanga. Uso wake pale hukuuona.

Dada uliyeko Uingereza, unakuja na mama kwa meli, mnafika mwezi mwandamo ukiwa wa 8 na mama magoti yanamsumbua. Hongera, mmepata siku nzuri bila kujua. Usinunue matembezi ya melini kabla hujauliza mambo mawili: kosta inaondoka saa ngapi hasa, na ngazi inafungwa saa ngapi. Achana na Changuu, maana boti mara nyingi inapandwa pale pwani kwa kukanyaga maji na kuinua mguu juu, mama atateseka. Chukueni gari mpaka Paje moja kwa moja, mtafika maji yamejaa, mama akae kivulini miguu ikiwa majini, wewe uogelee. Mchana mkirudi simameni Jozani kama ana nguvu. Kima punju huonekana hata karibu na barabara, si lazima aingie msitu mzima. Saa 8 na nusu muwe mjini, mnywe kahawa, gari ikusogezeni hadi getini. Na mletee kiti cha kukunja, maana vya hotelini vinakodishwa.