Tupeane uzoefu: kibegi cha kiunoni cha kukimbilia kisichodunda

Mwanzisha uzi

Wakuu, uzi huu ni wa vibegi vya kiunoni vya kukimbilia. Jina la kampuni peke yake halitusaidii. Sema kinabeba nini, kinakaa wapi mwilini, na kinaharibikia wapi.

Naanza na uzito, maana wengi hupotelea hapo. Kibegi kitupu cha gramu 70 na cha gramu 120, kiuno hakivitofautishi. Simu kubwa ya siku hizi ina gramu 200 hadi 230, jeli moja ya kuongeza nguvu gramu 30 hadi 40, na nusu lita ya maji ni nusu kilo kamili. Mzigo ukilala bapa na kugandana na mwili, unausahau. Ukining'inia nje hata sentimita tatu, unapanda na kushuka kwa kuchelewa nyuma ya hatua zako, na huko ndiko kudunda kwenyewe.

Futi ya Fundi

Aina kuu ni mbili. Kuna bomba la kitambaa kinachovutika, lisilo na kifungo, kama FlipBelt: unalivaa kwa kupitisha miguuni na kusukuma vitu kwenye mianya. Kuna mfuko mmoja unaotanuka kwenye mkanda mwembamba wenye kifungo cha plastiki, kama SPIbelt.

Bomba halisameheki kwenye saizi. Jipime kwa futi ya fundi cherehani pale pale litakapokaa, juu ya nguo ya kukimbilia. Saizi ya suruali usiifuate. Ukiangukia katikati ya saizi mbili, chukua ndogo, kwa sababu lastiki hulegea kadiri inavyotumika, haikazi.

Mkanda unaopanda wenyewe hadi mbavuni si mbovu. Nyonga ni pana, kiuno ni chembamba, nao unatafuta pembamba. Mwenye nyonga pana auvae juu, usawa wa kitovu, tangu mwanzo.

Mama Mitumba

Kwa wanaonunua mtumba, Karume au Gikomba: uvute mkanda hadi uongezeke nusu ya urefu wake, uachie. Usiporudi ulikotoka, au ukisikia vinyuzi vikikatika ndani, rudisha. Lastiki imekufa, na kushona upya hakuifufui. Kisha bofya kifungo mara kumi huku umekivuta. Meno yakiteleza mara moja, yatateleza na barabarani. Angalia pia mwisho wa zipu, hapo ndipo mshono hufumuka kwanza.

Jaribu na simu yako IKIWA NA KAVA. Simu uchi huingia popote. Ruka papo hapo mara thelathini, muuzaji acheke tu.

Mpanda Mweka

Kuruka dukani hakutoshi, dada. Jaribu kwenye mteremko. Kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon mnapanda kuelekea Mweka halafu mnarudi mkishuka: kibegi kilichotulia kupanda huanza kudunda kurudi, maana hatua inakuwa ndefu na mguu unatua kwa kishindo. Kaza mkanda sentimita moja au mbili kileleni. Na maji usibebe, vituo vipo njiani.

Mtaa wa Pili

Vaa CHINI ya fulana, mfuko mbele. Mkwapuzi wa bodaboda hutazama kinachoonekana.

Chumvi

Mtaa wa Pili yuko sawa, ila chini ya fulana jasho ni maradufu, na hasa ukanda wetu wa pwani. Maandishi ya "haipitishi maji" huwa ya kitambaa; maji huingilia kwenye mshono na zipu. Simu itie kwanza kwenye mfuko wake usiopitisha maji, funga kioo, na usiichaji mpaka tundu likauke. Funguo zikae mfuko mwingine. Zikilala na simu, kioo kinaweza kuchorwa.

Pale mkanda unaposugua, paka mafuta ya mgando kidogo kwenye ngozi, yasiloweshe mkanda, kwani mafuta hayo hudhoofisha mpira.

Kufua: maji baridi, sabuni kidogo, kwa mkono, siku hiyo hiyo. Jiki hapana, pasi hapana, anika kivulini. Chumvi ya jasho ikikauka kwenye zipu, zipu inakwama. Isuuze, ikikauka isugue kwa mshumaa.

Mgeni wa Uzi

Na sisi wa mazoezi marefu, kusiko na vituo vya maji, tufanyeje?

Mwanzisha uzi

Mzigo ukipita nusu kilo, hamia kwenye kizibao cha kukimbilia chenye mifuko, mabega yakusaidie. Ukishikilia kiuno, tumia chupa laini ya mililita 250, ilale mgongoni, na kila ukinywa ikamue hewa yote kabla ya kufunga. Hewa ikibaki, maji yanachapa huku na huku, na mkanda unageuka hadi chupa inahamia ubavuni.