Saa imeniambia moyo wangu duni, shemeji yangu mgonjwa wa presha imempa "Bora Sana". Hii si haki kabisa

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe nikirukaruka, ila hili jambo limenisumbua toka mwezi wa tano na juzi ndo limefika pabaya.

Mimi mwanaume wa miaka 43, nipo Mbeya, Soweto, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti kutwa nzima. Mwaka wa pili sasa nakimbia, siku nne kwa wiki, natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri napanda kuelekea mjini mpaka chini ya Loleza kisha nageuza. Sinywi, sivuti. Mwezi wa tano mchezo ulinifikia nikasema ngoja na mimi nijinunulie saa ya mazoezi, laki tatu na themanini. Jina la kampuni silitaji maana nimeshagundua ugonjwa huu sio wa saa yangu peke yake.

Wiki ya pili saa ikaanza kunipa namba, wanaiita uimara wa moyo, wengine mnaijua kama VO2 max. Ikanipa 33. Wiki iliyofuata 32. Wiki ya nne 31, rangi nyekundu, na simu ikaleta ujumbe kwamba kiwango chako ni duni, watu wa kiwango hiki wako kwenye hatari zaidi ya matatizo ya moyo, onana na daktari. Ujumbe umeingia saa nne usiku, simu ipo kitandani, mke wangu kausoma kabla yangu. Hakulala. Na mimi sikulala, maana baba yangu alianguka shambani huko Rungwe akiwa na miaka 51, moyo huohuo, na mke wangu anaijua hiyo habari vizuri.

Asubuhi nikaenda hospitali. Kipimo cha umeme wa moyo, picha ya moyo, damu, na foleni ya siku mbili, hela niliyolipa ni ya ada ya mtoto. Daktari kaangalia majibu yote akaniuliza kwa wiki unakimbia kilomita ngapi, nikamwambia kama 28 hivi, akaniuliza ukipanda kilima unaumwa kifua, nikamwambia hapana. Akasema moyo wako mzima, nani kakwambia unaumwa? Nikamwonyesha mkono.

Kwanzia hapo nikaanza kusoma na kila nikisoma hasira inazidi.

Hii VO2 max yenyewe ni kitu cha kweli, sikatai. Ni mililita ngapi za oksijeni mwili wako unaweza kutumia kwa dakika moja kwa kila kilo ya uzito wako ukiwa umejituma mpaka mwisho. Miaka ya 1920 Mwingereza A. V. Hill alikuwa anakimbia kwenye nyasi na mfuko mgongoni unaokusanya pumzi anazotoa, ndo wakajua kuna mahali mwili unafika kikomo. Mpaka leo kipimo halisi ni hichohicho, unavalishwa barakoa usoni, unakimbizwa kwenye mashine, kasi inaongezwa mpaka ushindwe, wanapima hewa inayoingia na inayotoka. Na ni namba muhimu mno, mwaka 2016 chama cha moyo cha Marekani kilisema inafaa ichukuliwe kama dalili muhimu ya afya, kama tunavyochukulia presha. Kwa hiyo sio kitu cha kuchezea.

Sasa saa haina barakoa. Haijui chochote kuhusu hewa yako. Inachojua ni mapigo (inayosoma kwa taa ya kijani chini yake), kasi yako kwa satelaiti, na umri, jinsia, urefu na kilo ulizojaza mwenyewe. Hapo ndo inapiga hesabu: huyu anaenda kasi hii, moyo unapiga hivi, basi atakuwa na kiasi hiki. Ni kukisia. Kukisia kwa akili, sawa, lakini ukikosea mapigo umekosea kila kitu.

Na mapigo inakosea. Mwezi wa sita mnajua baridi ya Mbeya ile ya alfajiri, vidole vinakufa ganzi. Nilikuwa napanda mwendo wa pole tu ule wa kuongea na mwenzako bila shida, naangalia saa inasema 171. Nikasema haiwezekani. Nikasimama palepale pembeni ya barabara, bajaji zinanipita, nikaweka vidole viwili shingoni nikahesabu sekunde 15. Mapigo 33. Zidisha kwa nne, 132. Rudia tena, nikapata 31. Hata ukisema moyo umeshuka kidogo baada ya kusimama, kutoka 171 mpaka 132 ghafla vile haiji. Nikaanza kukimbia tena nikahesabu hatua zangu dakika nzima: 170. Mmeona? Saa ilikuwa inahesabu MIGUU yangu. Na hili linajulikana duniani kote, ukiwa na baridi damu inapungua kwenye ngozi, mkanda ukiwa umelegea saa inarukaruka, ile taa inachanganya mtikisiko wa hatua na mapigo ya moyo. Kwaiyo saa inaamini moyo wangu uko 171 kwenye mwendo wa mtu anayewahi kanisani, lazima iseme mimi duni!

Nikahamisha saa ikae juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, vidole viwili kuelekea kwenye kiwiko, nikakaza mkanda, nikawa napasha mwili ndani kwanza dakika kumi kabla ya kutoka nje. Wiki tatu namba ikatoka 31 ikaenda 36. Mazoezi yaleyale, ugali uleule, moyo uleule.

Kitu cha pili, mwisho wa mapigo, yaani mapigo ya juu kabisa ambayo moyo wako unaweza kufika. Saa nyingi ukiinunua tu inachukua 220 inatoa umri wako. Mimi 43, kwahiyo 177. Hiyo kanuni ni ya toka miaka ya 70, ni wastani wa watu wengi na mtu mmoja mmoja anaweza kuwa juu au chini kwa mapigo 10 na zaidi bila kuwa na tatizo lolote. Rafiki yangu mmoja akaniazima mkanda wa kifuani, ule unasoma umeme wa moyo wenyewe sio taa, nikapanda kilima mara nne kwa nguvu zangu zote, nikafika 191. Sasa pigeni hesabu, nikiwa napiga 160 saa inadhani nimefika asilimia 90 ya uwezo wangu, kumbe niko asilimia 84. Yenyewe inaona mtu anayekata roho, mimi bado napiga stori. Nikaingia kwenye mipangilio nikabadilisha 177 nikaweka 191, baada ya wiki mbili namba ikawa 40.

31 mpaka 40 wakuu. Kutoka nyekundu hadi kijani, na sijabadilisha chochote mwilini mwangu. Mke wangu kulia usiku ule kulikuwa kwa ajili ya mkanda uliolegea na kanuni ya darasa la nne.

Alafu kuna suala la huku kwetu. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, kasi ileile ya mtu wa pwani moyo wako huku unapiga zaidi. Na barabara zetu wote mnazijua, ni kupanda au kushuka, tambarare ni za kutafuta, na wenyewe waliotengeneza baadhi ya hizi saa wanaandika kabisa kwenye maelezo yao kwamba makadirio yanataka ardhi iliyo karibu na tambarare. Sasa sisi wa Mbeya, Tukuyu, Makete, Njombe tukakimbilie wapi? Mwezi wa saba nikaenda Dar kikazi siku tisa nikasema sasa usawa wa bahari namba itapanda. Ikashuka pointi mbili, kwa sababu ya joto na unyevu, moyo unapiga zaidi kupoza mwili na saa inasoma kama udhaifu. Zipo saa za bei kubwa zinazodai kurekebisha joto na mwinuko, ya laki tatu na themanini haidai hata hivyo, inakupa tu namba.

Nikaamua nijipime kizamani. Kuna jaribio la Kenneth Cooper la mwaka 1968, alilitumia kwa wanajeshi wa anga wa Marekani, unakimbia dakika 12 mwendo wote ulionao unaangalia umefika mita ngapi, unatoa 504.9 unagawa kwa 44.73. Mwalimu wa michezo mmoja akanisaidia, uwanja wa shule, mzunguko aliupima na futi kamba mita 400. Nilimaliza mizunguko sita na mita 50 hivi, nikaanguka kwenye nyasi. 2,450. Inakuja 43 na nusu. Na hiyo ni kwenye hewa yetu hii ya juu. Najua na lenyewe ni makadirio, lakini nimekimbia mpaka mwisho wa uwezo wangu kweli, sio kukisiwa nikiwa nusu njia.

Kampuni nimewaandikia. Wakajibu baada ya siku kumi na moja kwamba kifaa sio cha kitabibu na usahihi wao kwa wastani ni mzuri. Hilo neno wastani ndo linanichoma. Mwaka 2022 ulitoka uchambuzi kwenye jarida la Sports Medicine umekusanya tafiti za hizi saa, na kweli, kwa zile zinazokadiria ukiwa unafanya mazoezi wastani wa kosa ni karibu sifuri. Ila kwa mtu mmoja mmoja inaweza kukosea karibu pointi 10 juu au 10 chini! Zile zinazokadiria ukiwa umekaa tu ndo mbaya zaidi. Sisi watu wa viazi tunaelewa hii kitu vizuri. Mnunuzi akija shambani na mizani, gunia lako akalipunja kilo kumi, la jirani akalizidishia kilo kumi, halafu aseme mizani yangu kwa wastani iko sawa, mtamwacha? Tumepigia kelele lumbesa miaka mingapi? Mimi sivai wastani mkononi, moyo ni wangu mmoja.

Pointi 10 ndo tofauti ya "duni" na "nzuri". Sasa kwanini kwenye skrini wanaandika 31 tupu? Kwanini wasiandike kati ya 21 na 41, makadirio? Wanaandika namba moja na kuipaka rangi kwa sababu namba moja inaonekana kama kipimo. Onyo wameliweka ukurasa wa ndani kabisa kwa herufi za kusomea na tochi.

Sasa sikilizeni kilichonifanya nifungue huu uzi leo.

Shemeji yangu, mume wa dada, yuko Mafinga. Ana miaka 56, presha miaka sita, anameza atenolol. Alivyoona saa yangu na yeye akanunua kama hiyohiyo, na mimi ndo nilimuelekeza duka, hilo linaniuma. Anatembea jioni, anatembea haraka kweli mzee yule. Saa ikampa 46. "Bora Sana" kwa umri wake. Mnajua kwanini? Atenolol inazuia moyo usipande mapigo. Saa inaona mtu anatembea kwa kasi na moyo umetulia kwenye 80, inasema huyu ana moyo wa mwanariadha. Haijui kuna kidonge. Zipo saa ambazo unaweza kuieleza kwenye mipangilio kwamba unatumia dawa za kushusha mapigo, ya kwetu nimetafuta kila ukurasa hakuna.

Shemeji akafurahi, akaanza kuonyesha watu kijiweni. Kliniki ya mwezi wa nane hakwenda. Ya mwezi wa tisa hakwenda. Vidonge akaanza kuruka, leo anameza kesho hamezi, eti mwili umeshajirekebisha. Dada hakujua. Jumamosi kichwa kikamuuma hadi akatapika, dada akampeleka, presha 172 kwa 104. Daktari kamgombeza akamwambia hizi dawa ukiziacha ghafla moyo unaweza kuruka vibaya kuliko hata kabla hujaanza. Dada kanipigia simu analia, ananiuliza ile saa yenu inapima nini?

Nilikosa jibu.

NYONGEZA: mkuu mmoja hapo chini kaniambia nisiangalie namba niangalie mwelekeo, kama inapanda au inashuka. Naelewa na kwa miezi mingi inaweza kusaidia. Ila mkuu, mwelekeo wangu wa wiki nne za kwanza ulikuwa unashuka kwa sababu baridi ilikuwa inaongezeka. Ningefuata mwelekeo ningejichimbia kaburi.

Mwingine anasema nimeonewa tu ninunue ya milioni mbili. Hapana. Aliyelipa laki tatu ana haki ya kuambiwa ukweli kama aliyelipa milioni mbili, na kuandika neno "makadirio" kwenye skrini hakuongezi bei.

Ninachoomba wadau ni hiki. Kama una mzazi au ndugu anayemeza dawa za presha au moyo na amevaa hizi saa, mpigie leo muulize inamwambia nini na kama bado anameza. Majina mengi ya hizi za kushusha mapigo yanaishia na "olol", atenolol, bisoprolol, propranolol, muangalizie kwenye pakiti. Na wale ambao saa imewatisha kama mimi, pimeni mapigo kwa vidole kwanza, kazeni mkanda, na kama una dalili yoyote ya kweli, kifua kubana, kuishiwa pumzi kwa kitu kidogo, nenda hospitali hata kama saa inasema upo bora.

Pia kama kuna anayejua pa kupeleka malalamiko ya bidhaa inayotoa ushauri wa afya bila kueleza kiasi inachokosea, naomba anielekeze, risiti ninayo na picha za skrini zote ninazo toka mwezi wa tano.

Shemeji Alhamisi anarudi kliniki. Nimeomba ruhusa kazini, Jumatano napanda basi niende naye.